Sauti Iliyonitajia Majina

Mwanangu Adelina,

Umeteremka Mgwashi kumuaga bibi yako, na baba yako yuko bondeni anamwagilia kabichi. Ukungu umeshuka tangu saa sita, hata banda la ng'ombe silioni kutoka hapa. Nimekaa jikoni na daftari magotini, kwa sababu hapa ndipo penye moto. Ukirudi, nyumba itakuwa imejaa majirani, na mbele ya watu nitakuambia yale ambayo kila mama humwambia bintiye anayeondoka. Haya mengine siwezi kuyasema kwa mdomo. Nimejaribu miaka kumi na nne.

Ile karatasi ya masista, ya vitu vya kuingia navyo utawani, nimeifuata. Shuka mbili, sahani ya bati, viatu vyeusi, vyote vimo sandukuni, hata kile kipande cha sabuni tulichokipangia foleni duka la ushirika. Hayo sitayarudia. Nataka kukujibu lile uliloniambia Jumapili tukichambua maharage.

Ulisema, "Mama, nikikaa kimya kanisani muda mrefu, nasikia naitwa jina. Si kwa masikio haya. Lakini nasikia."

Nikakuuliza kama umemaliza yale yaliyobaki chini ya ungo. Ukanitazama, ukainama, ukaendelea kuchambua. Ulidhani sikukusikia, au nimekupuuza. Mwanangu, nilikusikia.

Kuna swali lingine la zamani. Ulipokuwa na miaka saba hivi uliniuliza habari za mwanamke mrefu aliyekuwa akikubeba mgongoni, akicheka hewa inamtoka puani. Nilikuambia uliota. Hukuota, Adelina. Huyo ni shangazi yako, dada wa baba yako, tumbo moja. Jina lake Skolastika, na sisi tulimwita Skola. Yu hai. Ulipomwomboleza mdogo wako Beno ulimwomboleza na yeye bila kujua, maana waliondoka nyumbani humu mwezi mmoja, na aliyemwondosha ni mimi.

Nitakusimulia kwa utaratibu, la sivyo nitakimbia.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa na umri kama wako, nafua vitambaa vya altare pale misheni. Aliyenisimamia ni Sista Perpetua, Mbondei wa upande wa Muheza, aliyepanda milima hii akiwa msichana na hakushuka tena. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Siku ile ya sherehe watu wote walikwenda Lushoto kucheza ngoma na kuona bendera, mimi nikabaki kwa kuwa nilikuwa na homa. Alasiri nikapeleka vitambaa sakristia. Nikamkuta Sista amekaa juu ya kigoda, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, macho wazi. Nzi alikuwa anatembea kwenye kidole chake. Hakutikisika. Sikuona hata kifua kikipanda. Nikajua amekufa, na mguu wangu ukakataa kwenda mbele wala nyuma.

"Ingia au toka," akasema, bila kugeuka. "Ukisimama mlangoni unaniletea baridi."

Nikaingia, nikamuuliza alikuwa anafanya nini.

"Nasali."

"Mbona midomo haichezi, Sista?"

"Midomo imechoka. Nimemwambia Mungu maneno yangu yote kwa miaka arobaini. Sasa nakaa naye tu."

Sikuelewa, lakini neno lile lilinikaa. Baada ya wiki kadhaa nikamwomba anifundishe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akanipa kigoda kingine. Akasema nichague neno moja fupi, neno ambalo hata mtu anayezama anaweza kulitamka. Nikachagua Tate, kwa sababu kwa Kishambaa ndivyo nilivyomwita baba yangu. Akasema, "Likalie hilo. Mawazo yakija, usiyafukuze. Ukungu haufukuzwi kwa fimbo. Rudi kwenye neno lako. Yakija mabaya, yapishe. Yakija mazuri, yapishe vilevile. Hata ukiona malaika, mpishe, mwambie samahani, nina mgeni."

Tulicheka. Lile la malaika nililichukua kama mzaha wa mzee. Ndilo lililonigharimu zaidi ya yote.

Kwa miezi mingi sikupata kitu ila maumivu ya kiuno na usingizi. Halafu siku moja, sijui nilifanya nini, nadhani sikufanya lolote, ndani yangu pakatulia kama maji ya kisima baada ya watu kuondoka. Sitakuelezea utamu wake. Wewe umeshauonja kidogo, nimeuona usoni mwako. Ila nikuambie nilivyoupokea: niliupokea kama mlevi. Niliolewa na baba yako, nikakuzaa wewe, nikamzaa Beno, na kila siku nilikuwa natafuta nafasi ya kurudi pale.

Kile kikanisa cha mbao kilichokuwa kule juu, ukingoni mwa msitu, ambacho sasa kimebaki mawe ya msingi tu, kilijengwa zamani kwa ajili ya wapasua mbao. Padri alikuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kilikuwa tupu. Nikakifanya changu. Ungeujua ukungu wa kule, mwanangu. Huku kwetu ukungu unapita. Kule unaingia kupitia nyufa za mbao na kukaa kwenye mabenchi kama waumini. Mbega hunyamaza ukiingia. Unasikia matone yakidondoka kutoka mti mmoja wa mkulo hadi mwingine, hatua kwa hatua, kama mtu anayekuja na hafiki.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, pale pale, nikaanza kuhisi mtu ameketi nyuma yangu. Benchi la tatu, upande wa kulia. Nikigeuka, hakuna. Nikitulia, yupo. Sikuogopa, ndilo linalonitisha nikikumbuka leo. Nilifurahi. Nikajisemea kuwa sasa nimefika.

Mara ya kwanza sauti ilipotoka kwenye benchi lile ilisema kwa Kishambaa, nayo ilikuwa ya mama yangu aliyekuwa amekufa miaka sita kabla. Ilisema nisivuke. Nikarudi nyumbani kwa njia ndefu ya kilimani, na jioni ile ile lile gogo la kuvukia mto lilikatika na ng'ombe wa jirani akaenda na maji. Mara ya pili ilinitajia mvua, ikanyesha. Mara ya tatu ilinitajia mama mmoja wa kule juu kuwa ana mimba naye hajajua, ikawa kweli. Wanawake wakaanza kunijia. Wakiniuliza, nilikuwa nainamisha kichwa na kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Hata kule shamba la kijiji, siku za kulima pamoja, nikifika na jembe langu mazungumzo yalishuka. Niliupenda ule ukimya, Adelina. Nilidhani ni heshima kwa Mungu.

Sista Perpetua sikumwambia. Nilijua angesema niipishe.

Shangazi yako alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akajenga kibanda pale ilipo miparachichi sasa. Hakuwa mtu wa dini sana. Kanisani alisinzia, na padri alipomkemea alimjibu, "Shikamoo padri, nimeamka." Lakini ninyi watoto mlikuwa mgongoni kwake kutwa. Mimi nikitaka kupanda kikanisani, namwachia. "Nenda ukakae na Mungu wako," alikuwa akiniambia, "mimi nitakaa na watoto wako." Na hewa inamtoka puani.

Mwaka ule surua ilipanda milima. Beno alikuwa na miezi tisa. Asubuhi ile alikuwa na homa na upele, lakini alikuwa amenyonya, nikaona si vibaya sana. Nilikuwa na siku tatu sijakaa kikanisani. Nilikuwa kama mtu wa tumbaku. Nikamwambia Skola nitarudi upesi.

Nilipofika juu niliacha makatambuga yangu kwenye kizingiti, nikaingia, na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla. Nikapitisha gongo nyuma ya mlango ili nisisumbuliwe.

Ule utulivu ulikuja haraka siku ile, ukiwa mzito kuliko siku zote. Nikazama. Halafu kwa mbali nikasikia jina langu. "Mama Adelina! Mama Adelina!" Nikakumbuka mafundisho: linalokuja, lipishe. Nikalipisha. Mlango ukagongwa. Nikaupisha. Ikaja sauti ya pili, ndogo, yenye kilio ndani yake. "Mama." Mara moja tu. Ilikuwa yako. Ulikuwa na miaka minne, umemshika shangazi yako kanga, umesimama kwenye ukungu nje ya mlango nilioufunga mimi.

Nikaipisha na hiyo.

Usifikiri sikuijua. Ningependa kukuandikia kuwa nilikuwa mbali kiasi cha kutotambua. Niliitambua. Nilijua kabisa ni wewe, na nikajiambia kuwa Mungu ananijaribu kuona kama nampenda kuliko wanangu. Nilikaa. Hata nilijisifu kidogo kwa kukaa.

Kukawa kimya. Nilipotoka sikuona mtu. Nyumbani hakukuwa na mtu. Jua lilikuwa limeinama nilipomwona Skola anapanda njia ya zahanati, wewe umelala begani kwake, na Beno amefungwa mgongoni kwa kanga, kichwa kimelalia upande. Alikuwa anavuta mguu wa kushoto, ameteguka kwenye utelezi. Hakufika zahanati. Mtoto alikuwa amekata roho njiani, naye akaketi kwenye jiwe mvuani mpaka akapata nguvu ya kurudi. Alinitazama. Akageuka tu, akanipa mgongo, ili nimfungue mwanangu.

Kwa hiyo watu wote waliona hivi: mtoto aliachwa mzima, akafia mgongoni kwa Skola.

Siku ya nne ya matanga nilipanda kikanisani. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuniambia kwa nini. Benchi la tatu, upande wa kulia, alikuwapo tayari. Sikuhitaji hata kutulia. Ile sauti ya mama yangu ikasema neno moja, kwa upole kabisa, kama mtu anavyomfunika mtoto.

"Skola."

Ninachotaka ukijue ni hiki, kwa kuwa unakwenda mahali pa kukaa kimya: sikuwahi kusikia faraja kubwa kama ile. Mwili wangu wote ulilegea. Machozi yaliyokuwa yamekataa siku nne yakatoka. Mtu akikuambia kuwa faraja ni alama ya Mungu, mwambie mama yako alifarijiwa siku ile.

Nikashuka nikawaambia wanawake waliokuwa msibani, "Nimeonyeshwa." Sikumaliza hata sentensi. Nilitazama tu upande alikokuwa amekaa, anamenya viazi vya wageni, na kila mtu akatazama nilikotazama. Akainua kichwa. Kisu kikasimama.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na watu wawili. Alikuwa mtu wa mikutano, anajua maneno. Akasema mambo ya ushirikina hayana nafasi katika nchi inayojenga ujamaa, kwa hiyo yeye hataki kusikia neno uchawi. Halafu akasema kuwa kule nyika kijiji kipya kinaandikisha watu, na ndugu Skolastika, akiwa hana mume wala watoto, angefaa sana kulijenga taifa huko. Watu wakapiga makofi. Baba yako hakupiga. Lakini hakusimama pia. Alinitazama mimi, nikaangalia chini, akachukulia kuwa nimeshajibu.

"Una la kusema?" balozi akamuuliza Skola.

Nilingoja. Alikuwa na neno moja tu la kusema, neno la mlango, na mambo yote yangegeuka.

"Sina," akasema. "Nipeni mfuko wa kutia vyombo."

Lori lilimchukua asubuhi ya Alhamisi. Wewe ulilifuata mpaka kwenye kona, ukaanguka, na kovu la goti lako la kulia ni la siku hiyo. Ulipokuwa ukiuliza, nilikuambia ulianguka ukichota maji.

Nilidhani sauti sasa itanyamaza, maana imeshatenda haki. Ikawa inasema zaidi. Ilikuwa hainingoji tena kikanisani, inanikuta kisimani, inanikuta nikikoroga uji. Ilinitajia yule mwanamke aliyekuwa na mimba. Ilinitajia kijana wa dukani. Jina tu, jina tu, kwa ule upole. Nikaanza kuwatazama watu nikipishana nao njiani, nao wakaanza kuvuka upande wa pili. Wiki ya sita, nikiwa nampelekea baba yako chakula shambani, amesimama na jembe ananitabasamia kwa mara ya kwanza tangu msiba, ikanitajia jina lake.

"Petro."

Niliweka bakuli chini kwenye tuta. Sijui ningemtazama vipi siku ile, wala angenitazama vipi, na nani angefuata kwenye lori. Nikakimbia. Nilikimbia mpaka misheni, pekupeku, nikamkuta Sista Perpetua amelala kitandani, macho yameshakufa kabisa, na ubavu wake mmoja haufanyi kazi. Nikamwambia yote. Yaani yote yaliyosemwa na sauti.

Hakuniuliza sauti ilikuwaje. Hakuniuliza kama ni ya Mungu au ya shetani au ya mama yangu. Akasema, "Hiyo inayokutajia watu kila siku, imewahi kukutaja wewe?"

"Hapana, Sista."

"Hata mara moja?"

"Hapana."

"Siku mtoto alipokufa ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie nilikuwa nasali. Pale kitandani pake, katikati ya harufu ya dawa na mishumaa, nilikisikia tena kile kilio kidogo nje ya mlango, wazi kabisa, kana kwamba mlango ule ulikuwa unagongwa kwenye ukuta wa chumba chake. Safari hii sikukipisha. Nilianguka chini.

Aliniacha nilie. Baadaye akanyoosha ule mkono mzima akapapasa hewani mpaka akapata kichwa changu. "Kosa ni langu pia," akasema. "Nilikufundisha kupisha mawazo. Sikukuambia kuwa mtu anayegonga mlango si wazo. Nilidhani unajua. Mimi sikuzaa, nilidhani mwenye mtoto anajua." Akapumzika. "Mtu akikuita, nyanyuka. Mwache Mungu hapo kwenye kigoda. Ukirudi utamkuta. Na kama hutamkuta, basi ujue ametangulia mlangoni."

Alikufa kabla ya Kwaresima. Hayo ndiyo mafundisho niliyobaki nayo.

Nilimweleza baba yako. Sikuchagua maneno. Alisikiliza, akachukua jembe, akatoka. Masika yale yote hakuniambia zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Sikumlaumu, wala sikumwomba. Kikanisa nilikiacha, na upepo wa mwaka uliofuata ukakiezua. Lakini kule kukaa na Mungu sikuacha. Umeniona miaka yote hii nikikaa pale uani, mlango wazi, kuku wanapita juu ya miguu yangu, wewe unakuja kuuliza kalamu iko wapi nami nanyanyuka. Ulikuwa unaniambia, "Mama, maliza kwanza." Hakukuwa na cha kumaliza. Miaka tisa nilikaa nikiwa mkavu kama gunzi. Hapakuwa na utamu, hapakuwa na mtu nyuma yangu. Nilisema Tate, na Tate ikaanguka kama jiwe kwenye shimo lisilo na maji. Nikawa nakaa hivyo hivyo, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa na nililolitenda. Sasa hivi, miaka hii ya karibuni, kuna kitu. Hakisemi. Hakina sauti ya mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kikiwapo, kila ninayemwaza namwona ni mtu tu, mwenye njaa na baridi kama mimi. Sithubutu kukipa jina.

Ile nyingine haijaondoka, usije ukadhani imeondoka. Huja alasiri za ukungu, kama hii. Jumatano iliyopita, siku nne kabla hujaniambia lako, ilitaja jina lako. Kwa ule upole wake. Sikuuliza inataka nini. Nilinyanyuka nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikakata mengi kuliko anayoweza kula.

Kwa hiyo unaponiambia unaitwa, siwezi kukuambia ni nani. Ningekuwa na hakika ningekuandikia. Fumbua macho kwanza, utazame kama kuna mtu anayekuhitaji karibu yako. Kama hakuna, rudi kwenye neno lako. Kama ni Bwana, hatachoka kungoja. Na siku yoyote ukitajiwa mwingine, hata kwa utamu wa mbinguni, jiulize siku hiyo wewe ulikuwa wapi. Zaidi ya hapo mimi sijui, na wale watakaokufundisha huko wamesoma kuliko mimi.

Mwaka wa tatu nilimfuata Skola. Baba yako alikuwa ameanza kushuka Mombo kila baada ya mavuno, akisema anapeleka viazi, nami nikajua anakwenda kumwona dada yake. Nikamwomba anielekeze njia. Nilimkuta nje ya kibanda chake anapura mtama, mwembamba, jua limemchoma. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kuanzia Soni. Nilipofika mbele yake yote yalikwisha.

"Ulikuwa ndani," akasema yeye. Hakuniuliza.

"Nilikuwa ndani."

"Najua. Niliona viatu vyako kwenye kizingiti."

Adelina, nilijua ninabeba dhambi. Sikujua kuwa mwenzangu naye alikuwa ameibeba, akijua ni ya nani, siku zote zile. Siku ya mkutano alipoulizwa kama ana la kusema, alikuwa ameshaviona viatu vyangu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

Alipura mtama kidogo. "Ningesema, Petro angekufukuza. Mtoto ameshakufa. Yule wa kike angebaki na nani?" Halafu akanitazama sawasawa. "Usifikiri ni wema. Nilikuchukia. Nililala nakuchukia, nikaamka nakuchukia. Sasa nimechoka tu."

Nikapiga magoti kwenye makapi. Akaniambia niinuke, watu wanatazama. Alinipa maji ya kunywa. Nilipokuwa naondoka akasema hatarudi huku juu hata kwa mazishi, ila kama nina haya usoni, nimletee mtoto amwone.

Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Sikukupeleka. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, kwa maana kukupeleka ni kukuambia, na kukuambia ni wewe kunitazama kwa macho mengine. Niliogopa macho yako kuliko nilivyomwogopa Mungu. Hilo nalo niandikie hesabuni mwangu. Beno nilimpoteza siku moja. Skola nimemnyima wewe miaka kumi na moja, kila siku kwa hiari yangu.

Kesho basi la asubuhi likifika Mombo litasimama kitambo kabla hujapanda lile la Morogoro. Baba yako atakuwa nawe. Amempelekea habari shangazi yako. Atakuwa amesimama karibu na wauza machungwa, upande wa kivuli. Ni mrefu bado, na mguu wa kushoto anauvuta. Sijakutuma umwambie chochote kwa niaba yangu. Nikiwa na la kumwambia nitashuka mwenyewe, na safari hii nitashuka. Kama baada ya kusoma haya unataka kwenda zako bila kumtazama mtu, mimi wala yeye, una haki. Baba yako nimemwambia asikulazimishe.

Lakini kama utashuka, vaa lile sweta la kijani. Ndivyo alivyoambiwa atakavyokutambua, na amekuwa akiuliza ni kijani cha namna gani.

Mimi mama yako,
Marselina